Kadi Ina Mgongo

Nimesikia mara nyingi ikisemwa kwamba Nansio haikuwa na biashara ya picha mpaka miaka ya 80, vijana wawili watatu walipofungua studio karibu na soko. Nimeisikia kauli hiyo matangani, kwenye mikutano ya wazazi, na hata kwa watu waliopewa kazi ya kuandika kurasa chache za historia ya wilaya kwa ajili ya sherehe. Husemwa kwa uhakika, kama mtu asemavyo kwamba Ukerewe ni kisiwa. Kabla ya hapo, wanasema, aliyetaka picha alipanda meli kwenda Mwanza, akapigwa, akarudi.

Kauli hiyo si kweli, na ushahidi ninao. Nina kadi nne za posta. Ningekuwa nazo sitini kama si upumbavu wa mtu mmoja, na mtu huyo ni mimi. Kwa hiyo msomaji akiona napandisha sauti katika kurasa hizi, ajue kwamba fimbo hii imeanza kwenye mgongo wangu kabla ya kumfikia mwingine.

Mwaka jana alinijia kijana mmoja wa hapa Bukongo, mjukuu wa mwenzangu niliyefundisha naye. Kijana huyu anafanya kazi njema. Anapita nyumba kwa nyumba, anaomba picha za zamani, anazinakili kwa simu yake, kisha anawaonyesha watu mji wao ulivyokuwa. Aliniamkia, "Shikamoo Mwalimu," nikaitika, akaketi, nikamtolea bahasha yangu. Akazipanga kadi mezani. Ya kwanza ilikuwa mandhari ya Mwanza, ziwa na yale mawe yaliyosimama majini. Akaipiga picha. Ya pili ilikuwa ileile. Ya tatu na ya nne vilevile. Akacheka kwa adabu.

"Mwalimu, hizi zote ni picha moja. Nimeshachukua moja, inatosha."

"Zigeuze," nikamwambia.

"Nyuma ni maandishi tu, Mwalimu. Watu hawataki maandishi, wanataka picha."

Sikumkasirikia. Maneno hayo ni yangu. Niliyasema mwenyewe mwaka 1977, karibu neno kwa neno, na nitaeleza yaligharimu nini. Lakini kwanza nieleze nyuma ya kadi zile kuna nini.

Katika miaka ya 50 kulikuwa na studio moja pale Mwanza ambayo, pamoja na kupiga watu picha, iliuza kadi za posta zenye mandhari ya mji. Jina la mwenyewe silitaji, kwa kuwa ukoo wake upo na sijaomba ruhusa yao. Kadi zilizododa dukani hakuzitupa. Aligonga muhuri wake nyuma, akazitumia kama barua fupi za biashara. Muhuri unataja jina la studio, sanduku la posta, na kazi zake: kuuza filamu, kusafisha, kuchapa na kukuza picha. Upande wa anwani kumeandikwa jina la duka moja la Nansio, duka lililojulikana na kila mtu kwa nguo, sukari na mafuta ya taa. Upande wa pili, kwa wino, karani ameandika habari za mteja. Na katika kadi mbili kati ya nne, duka la Nansio nalo limegonga muhuri wake lenyewe, wenye neno la Kiingereza lenye maana ya wakala, na tarehe ambayo mteja alichukua picha zake.

Wakala! Mimi nililijua duka lile tangu utoto. Nilitumwa pale kununua kiberiti na chumvi. Sikujua hata siku moja kwamba juu ya kaunta ileile watu waliweka filamu zao, zikafungwa katika karatasi, zikapelekwa gatini, zikavuka ziwa, zikasafishwa Mwanza, zikarudi zikiwa picha. Hilo ndilo duka la picha la Nansio. Halikuwa na pazia lililochorwa maua wala taa kubwa, na kwa sababu hiyo hakuna aliyelikumbuka. Linakumbukwa na migongo ya kadi tu.

Sasa tuzisome. Kadi ya kwanza ina stempu ya pamoja ya Kenya, Uganda na Tanganyika, yenye kichwa cha Malkia Elizabeth, na muhuri wa posta wa mwaka 1958. Imeandikwa kwa Kiingereza cha karani: filamu mbili zimesafishwa, picha 16 zimechapwa, mteja ni fundi cherehani. Kamera nyingi za sanduku za siku zile zilitoa picha nane kwa filamu moja, kwa hiyo hesabu inakubaliana. Ama fundi wetu hakuharibu hata picha moja, ama alilipishwa hata zilizoharibika. Vyovyote iwavyo, hapa Nansio, miaka mitatu kabla ya Uhuru, alikuwapo mshona nguo aliyemaliza filamu mbili.

Kadi ya pili ni ya 1959. Filamu ni moja, picha ni nane, lakini majina ya wateja ni matatu, na kila jina lina idadi yake: tatu, tatu, mbili. Kamera moja, nyumba tatu. Waliazimana, wakagawana filamu kama watu wanavyogawana mbuzi, kila mmoja akalipa sehemu yake.

Kadi ya tatu ni ya 1962, ina stempu ya Tanganyika huru, na lugha imebadilika. Karani sasa anaandika Kiswahili: picha ziko tayari. Mteja ni mwanamke. Ameagiza nakala sita za picha moja, amelipia nne, mbili zinangoja fedha. Nimekaa na kadi hii jioni nyingi. Nakala sita si za kuweka ukutani. Ni za kupeleka kwa watu, labda kwa ndugu waliotawanyika, labda kwa wakwe. Sijui kama zile mbili zilikombolewa.

Kadi ya nne, ya 1963, haina mteja. Ni radhi ambayo studio inamwomba wakala wake. Karatasi ya kuchapia haijafika kutoka Nairobi, wateja wavumilie mpaka meli ijayo.

Kwa mbele, kadi hizi nne ni kadi moja, kijana wangu alisema kweli. Kwa nyuma ni watu watano, bei, deni, lugha mbili, taifa linalozaliwa, na njia ya biashara kutoka Nairobi mpaka kwenye kaunta ya mafuta ya taa. Hebu msomaji aniambie, kati ya pande hizo mbili, upi ndio wa kutupa?

Sasa nikiri kosa langu. Nilisomea ualimu miaka ya 1970 na 1971, katika chuo kimoja cha bara ambacho nakishukuru kwa mengi. Tulifundishwa huko kutengeneza zana za kufundishia kutokana na vitu vilivyopo, kwa kuwa nchi ilikuwa changa na fedha hakuna. Kanuni ya mkufunzi wetu ilikuwa fupi: picha iliyolala ndani ya boksi haifundishi. Kata, bandika kwenye manila, andika maelezo chini kwa herufi kubwa. Nilikuwa mwanafunzi mzuri. Nilikata na kubandika kuliko wote.

Mwaka 1976 ikaja Operesheni Maduka, iliyofunga maduka ya watu binafsi vijijini ili maduka ya ushirika na ya vijiji yashike nafasi yake. Mjini nako wenye maduka wakaanza kuhesabu siku. Mzee mwenye duka lile aliamua kufunga na kuhamia kwa nduguze. Siku alipokuwa anafungasha aliniita, akanipa boksi la viatu. "Mwalimu," aliniambia, "hizi watoto watapenda." Ndani yake mlikuwa na kadi sitini, za Mwanza, Kampala, Mombasa, Nairobi na Unguja. Nilimshukuru kwa haraka. Sikumwuliza hata swali moja. Mtu aliyejua biashara yote ile alikuwa amesimama mbele yangu, mwenye akili timamu na muda wa kutosha, nami nikampa mkono na kuondoka na boksi lake kama mtu aliyepewa peremende.

Februari 1977 tuliadhimisha miaka 10 ya Azimio la Arusha. Nilikuwa na miaka 27, mwalimu mkuu wa shule moja humu kisiwani, nikitaka kuonekana. Nilichukua ubao mpana, nikakoroga uji mzito wa unga wa muhogo, nikazibandika kadi nyuso nje, nikaandika juu yake kwa rangi nyekundu: "Afrika Mashariki Yetu." Mwenzangu mmoja aligeuza kadi moja kabla haijabandikwa, akasema, "Mkuu, hapa nyuma kuna majina ya watu." Nikamjibu kwamba nyuma ni maandishi tu, na wageni wanataka kuona picha. Kadi 56 zikaenda ukutani. Nne zikabaki kwa kuwa zilirudia mandhari niliyokwisha kuibandika. Nilizitia ndani ya atlasi nikazisahau. Tazama basi: kilichonusurika ni kile nilichokiona hakina kazi.

Wageni walikuja, ubao ukasifiwa. Lakini uji wa muhogo ni chakula, na si cha watu tu. Mende walianza, mvua zikafuata kwa kuwa bati lilivuja, mchwa wakamaliza. Mwaka uliofuata niliamua kuusafisha ubao ule nitumie kwa kazi nyingine. Kadi zilitoka vipande vipande, karatasi ikichunika kama ngozi ya mtu aliyeungua. Na juu ya mbao, nakumbuka vizuri, wino ulikuwa umehamia. Majina yalikuwa pale, yamegeuka kinyume kama maandishi katika kioo. Kioo kidogo tu kingetosha kuyasoma. Nilichukua maji na msasa nikayafuta, kwa sababu nilitaka ubao safi.

Nilizigundua zile nne baada ya kustaafu, nilipokuwa nagawa vitabu vyangu. Ndipo nikazisoma kwa mara ya kwanza, miaka zaidi ya 30 tangu nipewe.

Naam, huyo ndiye mtu anayewapigia kelele wengine. Na sasa nawapigia.

Wa kwanza ni wale wanaosema Nansio haikuwa na chochote. Wanatazama kisiwa kama mahali panapongoja kufikiwa. Lakini kadi ya nne inaeleza jambo jingine. Reli ya Uganda ilifika Kisumu mwaka 1901, na tangu hapo meli za ziwa ziliunganisha pwani zote hizi na Nairobi na Mombasa. Reli ya kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928 tu. Ndiyo maana mwaka 1963 mpigapicha wa Mwanza alikuwa bado anatazama kaskazini kungoja karatasi yake. Kampuni ya Kodak ilikuwa na tawi lake la Afrika Mashariki Nairobi. Ziwa halikuwa ukuta kwetu. Lilikuwa barabara.

Barabara hiyo ilikatwa. Mwaka 1977, mwaka uleule niliokuwa nakoroga uji wangu, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na mpaka wetu na Kenya ukafungwa, usifunguliwe mpaka Novemba 1983. Ongeza hapo maduka yaliyofungwa mwaka uliotangulia, na uhaba wa fedha za kigeni uliofuata, wakati hata sabuni ilitafutwa kwa foleni. Naamini hapo ndipo biashara ya picha ya Nansio ilipokufa, wala si kwamba haikuwahi kuzaliwa. Studio za miaka ya 80 zilikuwa ufufuo. Wanaoziita za kwanza wamemwona mtoto wa pili wakamwita kifungua mimba.

Wa pili ni wasomi wangu wanaosema karatasi za biashara si historia. Historia, kwao, ni watemi, vita na wamisionari. Basi niwaulize. Mwanahistoria wa Kimarekani Gerald Hartwig alipoandika kitabu juu ya Wakerewe, kilichotoka mwaka 1976, alichunguza biashara yao ya masafa marefu kati ya 1800 na 1895. Hakuna aliyemwambia kwamba biashara ya pembe za ndovu si historia. Kwa nini basi pembe iliyovuka ziwa karne ya 19 iwe historia, na filamu iliyovuka ziwa hilohilo mwaka 1958 iwe taka? Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Daftari la duka lile silijui lilikoishia. Migongo ya kadi ndiyo iliyokuwa daftari lililobaki.

Tazama wenzetu wa pwani. Leo tunaweza kueleza kwa majina nani walifanya biashara ya picha Unguja mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20: A. C. Gomes, Coutinho, na Wagoa wengine. Tunajua hivyo kwa sehemu kubwa kwa sababu majina yao yalipigwa chapa kwenye picha na kadi walizouza. Jina la Gomes linapobadilika kwenye kadi na kuongezewa neno la kampuni, au neno la wana, tunaiona biashara ikikua na kurithiwa. Dar es Salaam ya Wajerumani nayo ina majina yake, Vincenti na Walther Dobbertin, ambaye picha zake nyingi ziko katika hifadhi ya taifa ya Ujerumani. Na pale Unguja, Capital Art Studio, iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930 na kurithiwa na mwanawe Rohit, inaonyesha nini hutokea duka lisipotupa vitu vyake: mji mzima huweza kwenda kujitazama. Tofauti kati ya Unguja na Nansio si kwamba wao walikuwa na historia na sisi hatukuwa nayo. Wao kuna kadi zilizobaki. Sisi tulipika uji.

Wa tatu ni wale wanaonijibu kwamba postikadi ni macho ya mkoloni, na kwa hiyo ziachwe zioze. Jibu hili lina ukweli ndani yake, na sitaki kulikanyaga. Nimeona kadi za zamani ambazo mtu wa kwetu amesimamishwa kama mnyama wa maonyesho, bila jina, na chini yake kabila tu. Kadi ya namna hiyo inatukana. Lakini hata matusi yana mgongo, na mgongo hutaja aliyeyachapisha na aliyeyauza. Kadi zangu nazo zinaeleza jambo ambalo mkoloni hakulipanga. Fundi cherehani hakusimamishwa na mtu. Alinunua filamu kwa fedha yake, akachagua wa kumpiga, akalipia picha 16. Yule mama aliyetaka nakala sita alikuwa anajionyesha mwenyewe kwa watu aliowachagua. Ukizitupa kadi hizi kwa jina la kumpinga mkoloni, unamtupa fundi na yule mama, na mkoloni anabaki peke yake katika picha.

Wa nne wana hoja nzito zaidi, nami nairuhusu. Wanasema muhuri unaweza kudanganya. Ni kweli. Mchapishaji wa kadi si lazima awe mpigapicha. Picha moja iliweza kuchapwa upya miaka mingi baada ya kupigwa. Kadi nyingi za kabla ya 1914, hata za maduka ya huku, zilichapwa Ujerumani. Karatasi nayo hueleza nusu tu: karatasi ya picha yenye chapa ya AZO, ikiwa pembetatu zote nne kwenye kisanduku cha stempu zinaelekea juu, huhesabiwa kuwa ya kati ya 1904 na 1918, lakini ingeweza kukaa kwenye rafu ya duka miaka kadhaa kabla ya kutumika. Mgongo usio na mstari wa kugawa anwani na barua kwa kawaida ni wa zamani zaidi, kwa kuwa Uingereza iliruhusu mgawanyo huo mwaka 1902 na Ujerumani mwaka 1905. Anayeandika Muansa anatupeleka kwa Wajerumani, na anayeandika Mwanza anatuleta huku baada ya Waingereza kuuteka mji Julai 1916. Hivyo ndivyo ushahidi ulivyo: kila alama inasema kidogo, na moja humsahihisha mwenzake. Lakini ili zisahihishane sharti ziwe nyingi. Kadi nne zinatosha kuivunja kauli kwamba hakukuwa na kitu. Hazitoshi kueleza kilichokuwepo kilikuwa kikubwa kiasi gani, kilianza lini, na kina nani walikuwa wateja wake. Kadi sitini labda zingetosha. Anayesema kadi moja haithibitishi kitu asinipe sababu ya kuitupa. Amenipa sababu ya kutafuta nyingine.

Nimesikia pia lawama dhidi ya wageni wanaonunua kadi za zamani na kuondoka nazo. Mwingereza Humphrey Winterton alikusanya kwa miaka mingi picha za Afrika Mashariki za kati ya 1860 na 1960, zaidi ya 7,000, na tangu 2002 mkusanyiko wake uko Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani. Tunapenda kusema wametuibia. Mimi nasema aliyenunua kwa bei iliyokubaliwa kitu ambacho mwenyewe alikuwa anawashia jiko hakuiba. Picha zile leo zimetunzwa na zinasomwa. Kadi 56 zilizobaki nyumbani, chini ya ulinzi wa mwalimu mkuu mzalendo, ziliishia matumboni mwa mchwa. Kabla ya kudai virejeshwe vilivyo mbali, tuonyeshe kabati tutakamoviweka.

Wala kisiwa hiki hakiwezi kujitetea kwamba hakijui thamani ya karatasi iliyotunzwa. Aniceti Kitereza wa hapa Ukerewe alimaliza kuandika hadithi yake ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945. Ilitoka kwa Kiswahili mwaka 1980, na mwaka 1981 mwenyewe akafariki. Kwa miaka 35 ile ilikuwa karatasi tu. Kama mtu mmoja mwenye bidii kama yangu angeitafutia kazi ya haraka, tungekuwa leo tunasema Ukerewe haikuwahi kuwa na mwandishi wa riwaya.

Basi nasema yafuatayo kwa kila mwenye boksi, sanduku au albamu.

Anayenakili picha kwa simu anakili pande zote mbili, hata kama nyuma anaona weupe mtupu. Chapa ya karatasi ni ushahidi, na namba ndogo ya penseli pembeni mara nyingi ni namba ya negativu. Asikate kingo. Asibandike, si kwa uji, si kwa gundi, si kwa utepe. Akitaka kuandika jina la aliye kwenye picha, aandike kwa penseli laini, nyuma, bila kukandamiza. Kabla ya kuuza kadi kwa mgeni, ainakili kwanza na aandike ilitoka nyumba gani. Na anayekutana na mzee aliyewahi kuuza, kusafisha au kupeleka filamu gatini, amwulize leo, maana mimi nilikuwa naye mbele yangu nikaaga.

Kwa walimu wenzangu nina neno la ziada. Tumewafundisha watoto kwa vizazi kwamba picha ni ya kukatwa. Tuwafundishe sasa kwamba picha ni ya kusomwa, na somo linaanza kwa kuigeuza. Darasa la watoto 50, kila mmoja akileta nyuma ya picha moja ya nyumbani, litakuwa na hifadhi kuliko ile niliyowahi kuwa nayo.

Na kwa halmashauri na maofisa utamaduni: hatuombi jumba la makumbusho. Tunaomba kabati moja lisilofikiwa na mchwa, daftari moja la kuandikia, na mtu mmoja anayeshika ufunguo. Familia zitakazoleta kadi ziulizwe kama majina yaliyo nyuma yaonyeshwe au yafunikwe, kwa kuwa deni la picha mbili ni siri ya nyumba ya mtu. Mimi mwenyewe nimewapelekea watoto wa yule fundi cherehani nakala ya kadi yao. Hawakuwa na habari kwamba baba yao alikuwa na kamera. Binti yake mkubwa aliishika kadi kwa mikono miwili, akaisoma, akauliza zile picha 16 ziko wapi. Sikuwa na jibu.

Kijana wangu wa Bukongo alirudi baada ya wiki tatu. Hakuniletea maneno. Alifungua simu yake akanionyesha picha sita alizokuwa amezinakili zamani kwa mbele tu, ambazo sasa alikuwa amezirudia nyumba kwa nyumba na kuzigeuza. Mbili zina muhuri wa wakala wa Nansio. Moja imeandikwa kwa mkono tarehe ya 1955, yaani miaka mitatu kabla ya kadi yangu ya kwanza.

Kwa hiyo sasa tuna migongo kumi. Niliharibu 56, zimepatikana sita za kufidia. Bado nadaiwa 50, na umri wangu msomaji anaujua. Naomba nisaidiwe kulipa.